Fundi mzoefu wa Kigoma: mwongozo kamili wa kupata nafasi kwenye miradi ya ujenzi ya magharibi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi anaijua tayari: mwashi aliyekwisha kusimamisha ghorofa, fomeni aliyeongoza gengi kubwa, fundi sanifu aliyerudi nyumbani baada ya Bwawa la Julius Nyerere kukamilika, opareta wa greda aliyetoka kipande cha reli cha Dodoma, au mhandisi aliyechoka kuishi mbali na familia. Kijana anayeanza ana miongozo mingi. Mzoefu huachwa ajitafutie, kwa kudhani kwamba uzoefu wake utamsemea.

Haumsemei. Kazi za ujenzi Kigoma zipo, ila uzoefu wa watu wetu umebaki mikononi mwao na kwenye kumbukumbu za wachache waliowahi kufanya nao kazi. Mkandarasi aliyefika juzi kutoka China au Uturuki hamjui mtu wa mitaa yetu ya Mwanga wala Ujiji. Anachokiona ni karatasi. Matokeo yake, mwenye karatasi na mikono dhaifu anaingia kama fomeni, na mwenye mikono mizuri bila karatasi anaingia kama kibarua, halafu kutwa nzima anamfundisha fomeni wake kazi. Jambo hili linaniuma, na linaweza kurekebishwa na mhusika mwenyewe akijua pa kuanzia.

Kazi iliyopo na inayokuja

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huu unaitwa mwisho wa reli. Sasa reli ya kisasa, SGR, inakuja upande wetu. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China, CCECC na CRCC. Makutupora–Tabora, kilomita 368, na Tabora–Isaka, kilomita 165, viko mikononi mwa Yapı Merkezi ya Uturuki. Kisha lipo tawi la Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kilomita 282, ambalo mkataba wake ulisainiwa Januari 2025. Kwa fundi wa Urambo, Kaliua, Nguruka au Uvinza, hii ni kazi inayopita karibu na mlango wake.

Nje ya reli kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5, kwenye maporomoko ya Igamba. Kuna barabara za lami zinazoifungua Kasulu, Kibondo na Manyovu, na ile ya kuunganisha Kigoma na Tabora kupitia Uvinza. Kuna kiwanda cha kujenga meli eneo la Katabe, viwanja vya ndege vya Kigoma na Tabora, na mradi wa TACTIC wa kuboresha miji, ambao Kigoma na Tabora zimo. Upande wa Nzega kuna Sojo, mahali palipowekwa kiwanda cha kuandaa mabomba ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443.

Hiyo ndiyo mikubwa, inayotajwa kwenye taarifa ya habari. Mimi naipa uzito uleule kazi ndogo isiyotajwa: madarasa, zahanati, matundu ya vyoo, visima, vivuko vya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), matangi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini). Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 Kigoma na karibu milioni 3.4 Tabora. Watu hao wanahitaji madarasa na maji kila mwaka, reli ikiwepo au isiwepo. Mzoefu mwenye akili huweka mguu mmoja kwenye mradi mkubwa na mwingine kwenye kazi za halmashauri.

Hatua ya kwanza: jua mradi umefika wapi

Wengi hukosa kazi kwa kufika wakati usio wao. Mradi wa reli una ngazi zake, na kila ngazi ina watu wake.

Mwanzo ni kusafisha njia na kujenga tuta. Hapo wanatakiwa suvea na wasaidizi wake, maopareta wa greda, eskaveta na roli la kushindilia, madereva wa tipa, na mafundi wa maabara ya udongo. Mwashi akienda wakati huo atapewa kazi ya kambi tu.

Ngazi ya pili ni ya kalavati na madaraja, na hapa ndipo penye ajira nyingi za mafundi wetu: mafundi nondo, maseremala wa fomu za mbao za kumiminia zege, watu wa zege, wajenzi wa kuta za mawe. Ukanda wetu una maji mengi. Bonde la Malagarasi ni ardhioevu kubwa, kwa hiyo makalavati na madaraja si kazi ya wiki mbili.

Ikifuata kazi ya kulaza mataruma na reli, mashine zinachukua nafasi na idadi ya watu inapungua. Wachomeleaji wa reli na mafundi wa njia ndio wanaobaki. Baadaye stesheni zinawarudisha waashi, mafundi bomba, umeme wa majumbani, aluminiamu, vigae na rangi. Mwisho kabisa ni nguzo na nyaya za umeme wa treni, kilovolti 25, pamoja na ishara na mawasiliano. Huko wanaingia wachache, na wenye mafunzo maalumu.

Fundi nondo, kwa hiyo, aulize swali moja kabla ya kupanda basi: "Kalavati mmefika kilomita ya ngapi?" Jibu atalipata kwa madereva wa tipa, kwa mama lishe wa kambini, au kwa ofisi ya kijiji. Vipande haviendi sambamba, kwa hiyo gengi linalomaliza kazi upande mmoja linaweza kuhamia kipande kingine ambako kazi ileile ndiyo kwanza inaanza.

Kwa kazi za halmashauri, tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kati ya hapo kuna dirisha fupi la kuchimba misingi na kumwaga moramu barabara zikiwa kavu. Anayeanza kutafuta vyeti Septemba amechelewa.

Hatua ya pili: ujuzi wako uwe karatasi

Kama ulijifunzia kazi saiti na hukupita chuo, nenda chuo cha ufundi cha VETA, cha Kigoma au cha Tabora, uulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huu ni kwa ajili yako. Hawakurudishi darasani kwa miaka. Unajaza fomu, unaeleza kazi ulizofanya, wakaguzi wanakuangalia ukifanya kazi kwa mikono yako, wanakuonyesha penye pengo, unafundishwa hilo pengo, kisha unapewa cheti. Nimeona waashi wa umri wa kuitwa mzee wakikwepa kwenda kwa kuona haya. Hakuna aibu hapo. Mkaguzi anataka kuona kona yako imenyooka na mchanganyiko wako uko sawa, na hayo umeyafanya maisha yako yote.

Fundi sanifu na mhandisi mlango wenu ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Sheria haimruhusu mtu kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa, na makampuni makubwa yanauliza namba ya usajili kabla hayajafungua wasifu wako. Ukiwa ulisajiliwa kama mhandisi mhitimu ukaishia hapo, panda sasa uwe mhandisi mtaalamu. Tofauti ya nafasi na mshahara kati ya ngazi hizo mbili ni kubwa, na uzoefu unaodaiwa huenda unao tayari, haujaandikwa tu. Kagua pia kama ada yako ya mwaka imelipwa. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao.

Opareta ahakikishe leseni yake ina daraja la mtambo anaouendesha, na awe na cheti cha mafunzo ya mtambo wenyewe. Mchomeleaji anayelenga Katabe au bomba la mafuta ajiandae kupimwa: huko hawaulizi umechomelea mageti mangapi, wanakupa vipande vya bomba, unachomelea kwa nafasi ya 6G (bomba limeinamishwa na halizungushwi), weldi inakatwa na kukaguliwa ndani. Fanya mazoezi ya nafasi hiyo kabla, hata kwa kununua vipande chakavu.

Karatasi moja ndogo ambayo wengi wanaidharau ni mafunzo ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na ya huduma ya kwanza. Hayachukui muda, na kwenye rundo la maombi yanayofanana yanakutoa.

Hatua ya tatu: daftari la kazi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa fundi mali yenyewe ni kazi alizofanya. Nunua kaunta buku. Kila kazi ipewe ukurasa, na ukurasa uwe na haya: jina la kazi na mahali, mwenye mradi, mkandarasi, tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo chako, watu uliowaongoza, kiasi cha kazi, na jina la mtu anayeweza kuthibitisha.

Kiasi cha kazi ndicho kinachomtofautisha mzoefu. "Nilifanya kazi ya zege" haimwambii mhandisi kitu. Andika hivi:

"Kalavati la boksi, tundu mbili za mita 2 kwa mita 2, urefu mita 18. Nilikuwa fomeni wa nondo na zege. Gengi: mafundi nondo 6, maseremala 4, wasaidizi 14. Zege C25. Kuta zilimiminwa kwa awamu tatu. Vipimo vya siku 28 vilipita vyote."

Mhandisi akisoma hayo anajua umesimama pale, kwa sababu mtu asiyewahi kumimina boksi hajui hata kwamba kuta humiminwa kwa awamu. Ongeza picha: moja kabla ya zege, nondo zikionekana, na moja baada ya kufungua fomu. Picha ya nondo kabla ya zege ina thamani kuliko ya jengo lililopakwa rangi, maana rangi inaficha kila kitu.

Kama kazi za zamani hukuziandika, kaa chini na wenzako mliofanya nao, mkumbushane, mwandike. Kisha fuata barua. Mpigie mhandisi au msimamizi wa wakati huo: "Shikamoo Injinia, habari za siku. Nilikuwa fomeni wako wa nondo pale darajani. Naomba uniandikie barua fupi ya kunitambulisha, nakutumia maelezo yote uyahakiki." Ukimpelekea maelezo yaliyokamilika, yeye ana kazi ya kuhakiki na kusaini tu, na wengi wanakubali. Ukimwachia atunge mwenyewe, utasubiri hadi mvua zipite.

Hatua ya nne: chagua kiti chako

Makampuni ya nje huja na mameneja wao, na vibarua wanawapata kijijini. Katikati pana pengo, na hapo ndipo mzoefu wa hapa anapokaa vizuri. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania kushika nafasi ile. Ukiingia kwenye kiti cha chini ya mtaalamu mgeni, uliza kwa heshima kuhusu mpango huo, na ujifunze kazi yake kwa makusudi.

Fomeni ni kiti kinachojulikana. Naomba nikae zaidi kwenye udhibiti wa ubora, kwa sababu mafundi wetu wanakiogopa bila sababu. Kazi ya kila siku ya fundi wa ubora upande wa zege ni hii: gari la zege likifika, unachukua koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalidunga mara 25 kwa fimbo, unasawazisha juu, unainua koni taratibu wima, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kuliko kiwango kilichoandikwa, maji yamezidi, gari linarudi. Halafu unajaza visanduku vya milimita 150, unaviandika tarehe na mahali zege lilipomiminwa, vipande vya zege vinavyotoka humo unavitunza majini, vingine vinavunjwa siku ya 7 na vingine siku ya 28. Siku ya 7 kwa kawaida zege la saruji ya kawaida hufika kama theluthi mbili ya nguvu yake, kwa hiyo matokeo ya siku hiyo yanakuonya mapema.

Fundi aliyemwaga zege kwa macho miaka mingi anajua tayari lipi lina maji mengi. Amebakiza kujifunza kupima, kuandika na kusimamia msimamo wake mbele ya dereva mwenye haraka. Kiti hiki hakivunji mgongo, kinadumu hadi mwisho wa mradi, na kinahamishika: maabara ya barabara inahitaji tabia zilezile za kupima na kuandika.

Afisa usalama ni kiti kingine kinachomfaa mzoefu, hasa aliyewahi kuona ajali, kwa kuwa vijana humsikiliza. Na kipo kiti cha mkandarasi mdogo, ambacho nakirudia hapo chini kwa kirefu.

Hatua ya tano: pita milango sahihi

Ajira za serikali na mashirika yake zinatangazwa kwenye tovuti ya Ajira. TaESA, wakala wa huduma za ajira, huunganisha watafuta kazi na miradi. Makampuni ya ujenzi hubandika matangazo kwenye lango la kambi na kupeleka mahitaji ya vibarua kwa serikali za vijiji na kata, kwa hiyo mtendaji wa kijiji akufahamu kwa jina na kwa fani. Mpelekee nakala ya wasifu wako.

Wasifu uwe kurasa mbili. Juu kabisa weka fani, miaka ya uzoefu na namba ya cheti au usajili. Chini yake weka kazi tatu au nne kubwa kutoka kwenye daftari, kwa vipimo. Shule ya msingi uliyosoma inaweza kungoja mwishoni. Tangazo likiwa la Kiingereza, peleka nakala ya Kiingereza iliyoandikwa na mtu anayeelewa ujenzi, kwa sababu tafsiri mbovu inaweza kumgeuza fundi nondo kuwa muuza vyuma.

Usitoe pesa ili upate kazi. Wapo madalali wanaozunguka Mwanga na stendi za Kasulu wakidai wana mtu wao kambini na wanataka "ya maji". Mwajiri halisi hakutozi chochote. Anayekutoza ripoti kwa afisa kazi au polisi, na uwaonye wenzako.

Hatua ya sita: soma mkataba kabla ya kusaini

Saiti nyingi zinatumia mkataba wa kazi maalumu, unaoisha kazi iliyotajwa ikiisha. Kwa hiyo tazama kazi imeelezwaje. "Ujenzi wa kalavati kutoka kilomita fulani hadi fulani" ni tofauti na "kazi za ujenzi wa reli", na utaijua tofauti hiyo siku watakapokuambia kazi imekwisha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, zisizidi 50 kwa kila wiki nne. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo.

Piga hesabu yako mwenyewe. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, gawanya kwa 195, ambazo ndizo saa za kawaida za mwezi, unapata thamani ya saa moja. Mshahara wa shilingi 780,000 unatoa shilingi 4,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 6,000, saa ya sikukuu ni 8,000. Mwezi uliofanya saa za ziada 30, nyongeza iwe 180,000. Ziandike saa zako kila jioni kwenye daftari lilelile, fomeni aweke saini kila Jumamosi. Mwisho wa mwezi hati ya malipo ikija pungufu, utakwenda ofisini na ushahidi na mtaongea kwa utulivu.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake angalau ni ya mwajiri. Hakiki michango yako mara kwa mara, usisubiri mradi uishe ndipo ugundue kwamba makato yalifanyika lakini hayakufika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake na unakuhusu ukiumia kazini. Ajali yoyote, hata ya kidole, iandikwe siku hiyohiyo. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinakimbia, usizimalize kwa kubembeleza.

Hatua ya saba: kujitegemea

Kwa mzoefu mwenye gengi lake, njia hii ndiyo inayolipa zaidi kwa muda mrefu, nami naipendelea. Ina milango mitatu.

Wa kwanza ni ufundi wa fosi akaunti: halmashauri inanunua vifaa, wewe unalipwa ufundi. Madarasa na zahanati nyingi za Kigoma zimejengwa hivi. Mtaji unaohitajika ni mdogo, ila usajili kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali, NeST, unahitajika, pamoja na TIN, namba ya mlipakodi. Kamati ya ujenzi ya shule ikuone kuwa mtu wa kumaliza kazi, jina litasafiri hadi kata ya jirani.

Wa pili ni kikundi. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mzee mwenye ujuzi akiungana na vijana wenye nguvu wakajisajili kupitia afisa maendeleo ya jamii, wanaingia kwenye fungu ambalo makampuni makubwa hayaruhusiwi kugusa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nayo iulizie kwa afisa huyohuyo.

Wa tatu ni kusajili kampuni Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Madaraja ya majengo na ya kazi za kiraia yanaanzia la saba kupanda hadi la kwanza. Kampuni inadaiwa kuwa na mkurugenzi mwenye taaluma, na hapa waashi wawili watatu wanaweza kushirikiana na fundi sanifu wanayemwamini. Wekeni mgao kwa maandishi mbele ya wakili kabla ya zabuni ya kwanza, kwa sababu urafiki mwingi umevunjika siku hundi ilipotoka.

Kinachowaangusha wazoefu wengi kwenye kujitegemea ni bei. Chukua mfano wa mkanda wa juu ya madirisha: urefu mita 60, upana milimita 230, kimo milimita 200. Zidisha, unapata mita za ujazo 2.76 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo inakula mifuko kama sita na nusu ya kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 18, na ukiweka upotevu, 19. Nondo nne za milimita 12 kwa urefu wote ni mita 240, yaani nondo 20 za mita 12, na ukihesabu maungio, 22. Ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20 ni kama 300. Kila moja ikila sentimita 76, utahitaji nondo 20 nyembamba.

Hapo bado hujaweka mbao za fomu, misumari, waya wa kufungia, maji ya kununua kiangazi, mafuta ya mikisa, chakula cha gengi na nauli ya kutoka Gungu. Ongeza kodi ya zuio ambayo mlipaji huikata, na asilimia 5 hadi 10 ya malipo inayozuiliwa hadi muda wa matazamio, yaani wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhi kazi, upite. Aliyeandika bei bila kuhesabu zuio hilo analipa mafundi kutoka mfukoni. Na bei ya saruji na nondo iulize wiki unayojaza zabuni, duka la Kigoma, maana mzigo wetu unasafiri mbali na bei yake hailingani na ya Dar es Salaam.

Ujuzi wa mahali hapa

Kuna mambo mgeni hayajui na mwenyeji anaweza kuyauza. Kigoma iko kwenye bonde la ufa. Desemba 5, 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Fundi anayejua kufunga mkanda mzima bila kuukata kwenye kona, anayekunja nondo za kona ziingie ukuta wa pili badala ya kuziishia pale, na anayemweleza mwenye nyumba kwa nini, anastahili kulipwa zaidi ya anayeweka mkanda kwa mazoea.

Maji ya ziwa nayo yamepanda miaka ya karibuni yakala nyumba na miundombinu ya pwani, Kibirizi ikiwemo. Yeyote anayejenga karibu na maji anahitaji ushauri wa kimo cha msingi kutoka kwa mtu aliyeona ziwa lilifika wapi. Kwenye milima ya mji, kuta za kuzuia udongo zisizo na matundu ya kutoa maji hulala chini mvua za Machi; anayezijenga na kokoto nyuma na mabomba ya kutolea maji ana soko lake.

Na mbao: mninga na mkurungu wa misitu ya Tabora na Kigoma ni fahari yetu, lakini nunua zenye risiti na kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu. Mzigo ukikamatwa njiani, mradi wako unasimama na jina lako linaingia kwenye kumbukumbu mbaya.

Hatua ya nane: jipange kabla mradi haujaisha

Mradi mkubwa huanza kupunguza watu miezi kadhaa kabla ya sherehe ya uzinduzi. Dalili ni mitambo kupakiwa kwenye loubedi (trela la kubebea mitambo) na zamu za usiku kufutwa. Ukiziona, anza kutuma wasifu kwenye kipande kinachofuata, na ulizia kazi za matengenezo: reli ya umeme, mitambo ya maji na barabara za lami zinahitaji watu wa kuzitunza, na aliyezijenga anajua zilipo kasoro zake.

Kabla ya kukabidhi kofia na buti, pita ofisi ya rasilimali watu uchukue cheti cha utumishi chenye cheo chako halisi na tarehe, hati ya malipo ya mwisho ikionyesha likizo ambazo hukuchukua na kiinua mgongo kama sheria inakupa, na taarifa ya michango ya NSSF ili uweze kuomba fao la kukosa ajira kama unastahili. Pita pia kwa mhandisi wako umwombe barua wakati bado anakukumbuka na kompyuta yake iko mezani. Kambi ikishavunjwa, barua hiyo utaifuata Beijing au Istanbul.